Suti ya Shadrack, Suti ya Kevo

Satellite, Jumatano alasiri

Edwin,

Nimeandika Edwin na si Edu, ili ujue mapema kwamba baba yako amekasirika. Mama yako yuko jikoni na wenzake wa jumuiya, wanasukuma chapati za safari yako, na kila baada ya muda mmoja wao anachungulia hapa mezani kuona mzee anaandika nini. Wewe umekwenda kwa kinyozi. Basi la Kigali linaondoka kesho asubuhi. Mambo ya pasipoti, ya kuficha pesa kwenye soksi na ya kutokula ovyo njiani umeshaambiwa na mama yako mara nne, na mimi siyarudii. Nina jambo moja tu, na lina mwisho wake leo saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo soma hadi chini kabla hujavua viatu.

Nianze na Jumamosi, kwa sababu najua bado umenuna, na haki unayo kidogo.

Tulikwenda mjini, kwenye lile duka la nguo za wanaume karibu na Biashara Street ambalo sasa linaendeshwa na Hetal, binti wa yule mzee aliyeniuzia mashati yangu yote ya kazi. Nilikwenda na furaha. Mtoto wangu wa kwanza anakwenda kukaa ofisini nchi ya watu, na mimi ndiye ninayemchagulia suti. Nilikuwa nimepanga kila kitu kichwani. Nikakwambia anza na bega, kwa sababu kila kitu kingine fundi anaweza kukirekebisha, bega haliwezi. Mshono uishie pale mfupa wako unapoishia. Nikakwambia uegemee ukuta kwa ubavu, bega lako liguse ukuta kabla ya sponji iliyoshonwa ndani ya bega la koti kuugusa. Nikakwambia ufunge kifungo kimoja na niingize ngumi pale tumboni, ngumi moja, si mbili. Kola ilale juu ya kola ya shati, isiache pengo mgongoni kama mdomo wa mtu anayeshangaa. Shati lichungulie mkononi upana wa kidole. Kisha ukae chini, uiname ufunge kamba za viatu, uinue mkono, maana mwanamume hanunui suti ya kusimama nayo tu kama mlingoti.

Wewe ulisimama kama mlingoti. Ukavuta tumbo ndani. Hetal akakuletea ile ya bluu iliyokolea, ikakaa begani kama imezaliwa nawe, na hata ulipokuwa mbele ya kioo ulikuwa unatazama simu. Nilipomwomba Hetal akate kile kibandiko cha jina la kampuni kilichoshonwa juu ya mkono wa koti, ukanitazama kama nimevunja sahani ya mgeni. Hayo yote nilivumilia. Kisha ukasema maneno yale, kwa sauti ya mtu anayekataa chai:

"Baba, kwani ni lazima tununue? Nitaenda na ile ya Kevo. Hata haitumii saa hii."

Unajua kilichofuata. Nilikufokea mpaka kundi la vijana waliokuja kuchagua vizibao vya harusi wakaacha kucheka wakageuka. Nilisema mtu anayevaa nguo iliyopimwa mwili wa rafiki yake hana haya. Nilisema mengine siyakumbuki, na yale ninayoyakumbuka sitaki kuyaandika. Hetal akaniwekea mkono kwenye kaunta karibu na wangu, hakunigusa, akasema, "Mzee, wacha avae kwanza, mtaongea nyumbani." Nikalipa. Tukatoka bila hata kukupima urefu wa suruali. Toka pale hadi hapa mtaani Satellite hukunitamkia neno, na mimi sikukutamkia.

Ulidhani ni uzee. Nilisikia ukimwambia mama yako kwamba siku hizi mzee anawaka bila kiberiti. Kiberiti kipo, Edwin, na ni cha zamani kuliko wewe. Sijawahi kumwambia mtu habari hii. Mama yako haijui. Ninaanza na wewe kwa sababu nimelazimika, si kwa sababu mimi ni jasiri.

Unamjua Shadrack. Wewe unamwita Baba Neema, yule fundi mwenye kibanda cha bluu kule chini karibu na kanisa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa cherehani. Tangu ukiwa darasa la kwanza nilikuwa nakutuma kwake na sweta zilizotoboka viwiko na kaptura zilizopasuka. Uliwahi kuniuliza kwa nini mimi mwenyewe sipiti upande ule wa barabara, nikakwambia kuna matope. Hakukuwa na matope. Palikuwa na Shadrack.

Mimi na yeye tulitoka kijiji kimoja kule magharibi na tukapanga chumba kimoja cha mabati hapa hapa Satellite, tukiwa na umri kama wako. Mchana tulibeba mawe na mchanga kwenye maghorofa yaliyokuwa yanainuka Kileleshwa. Jioni mimi nililala, yeye akasoma hesabu za biashara. Alikuwa ananizidi akili na ananizidi urefu kwa kiganja kizima, na sikuwa na tatizo na hilo la pili.

Shadrack alikuwa na suti. Haikuwa mtumba. Aliishonesha mjini, kwa mzee mmoja wa Kisikh aliyekuwa na cherehani tatu ghorofani juu ya duka la mabomba, na ilimchukua karibu mwaka mzima kuimaliza, maana alilipa kidogo kidogo. Alikwenda kujaribishwa mara tatu. Mara ya kwanza koti lilikuwa limeshikizwa kwa nyuzi nyeupe tu, mkono mmoja upo na mwingine haupo, na akarudi chumbani akacheka mpaka akalala chali akinisimulia alivyojiona kwenye kioo. Kila alichoambiwa na mzee yule alikuja kunifundisha mimi. Bega kwanza. Ngumi moja tumboni. Kola isiachame. Yote niliyokufokea Jumamosi nikijifanya mjuzi niliyatoa mdomoni mwa Shadrack.

Kitu alichokipenda zaidi kwenye suti ile hakikuonekana kwa nje. Aligeuza koti ndani nje akanionyesha kwamba nyuma, kwenye mshono wa mgongo, mzee ameacha kitambaa cha akiba, vidole viwili vizima, na vile vile kwenye kiuno cha suruali na kwenye pindo za miguu. "Mzee amesema kijana akipata kazi hunenepa," akaniambia. "Ameniachia nafasi ya kunenepa." Aliikunja akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake.

Katika ploti ile, ua mmoja wa vyumba vya kupanga, suti ilikuwa moja, na wanaume tulikuwa tisa. Kwa hiyo ilikuwa yake na ilikuwa yetu. Mtu akiitwa mahakamani, akienda kuona mwalimu wa mtoto, akienda kupiga picha ya kutuma nyumbani, alimwomba Shadrack. Hakumnyima mtu hata mara moja. Sharti lake lilikuwa kwamba isirudi na harufu ya moshi, na kwamba uombe. Sharti lenyewe ndilo hilo, Edwin. Uombe.

Sasa nikamjua mama yako. Kaka yake mkubwa alikuwa mpishi wa familia moja kule Muthangari, akikaa kwenye vyumba vya nyuma vya nyumba yao, na yeye ndiye aliyekuwa badala ya baba kwa mama yako hapa mjini. Akatuma ujumbe kwamba anataka kuniona Jumapili. Nilikuwa nimeshaiazima suti ile mara mbili, na mara zote mbili ilinibana mgongoni na suruali ikajikunja juu ya viatu kama pazia la kununua bila kupima. Nikaanza kuwaza. Shadrack alikuwa amekwenda nyumbani kumzika shangazi yake. Angerudi Jumapili jioni. Na Jumatatu asubuhi, nilijua, usiseme sikujua, alikuwa ameitwa kuulizwa kazi ya ukarani wa hesabu katika ofisi moja ya bima mjini. Kazi kama hiyo ndiyo iliyomfanya aishoneshe suti.

Ijumaa niliichukua kwenye msumari, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa kando ya barabara kule Kawangware ambaye hakunijua. Nilimwambia ni yangu na nimenenepa. Akafungua mshono wa mgongo, akaona kile kitambaa cha akiba, akafurahi, akasema aliyeshona hii anajua kazi. Kisha akashika suruali, akapima mguu wangu kwa chaki, akaniuliza swali.

"Nikate ama nikunje?"

Akikunja, kitambaa kinabaki ndani na siku yoyote unaweza kukishusha. Akikata, kimekwenda. Hilo lilieleweka hata kwangu. Lakini mkunjo mkubwa huonekana kwa nje, pindo linakuwa nene, na mtu mwenye macho atajua nguo ni ya kuazima. Nikamfikiria yule kaka wa Muthangari akitazama miguu yangu.

"Kata," nikasema.

Akakata. Mikono ya koti pia akakata. Nilisimama pale nikaona vipande vinaanguka kwenye vumbi, na sitakudanganya kwamba niliumia. Nilifurahi. Nilivaa na kwa mara ya kwanza maishani nguo ilinikaa. Jumapili kaka wa mama yako alinipokea kwenye geti la nyuma, akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema huyu anaonekana ni mtu anayejijali. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono. Unajua jinsi anavyotabasamu akiwa hataki uone. Hivyo.

Nilirudi jioni nikaipiga pasi, nikaitia kwenye mfuko wake wa nailoni, nikaitundika kwenye msumari ule ule. Shadrack akaingia amechoka na safari, tukala, akaniambia habari za mazishi. Nilikuwa na muda wote wa dunia wa kumwambia. Nilimwambia pole kwa msiba.

Asubuhi akaamka mapema akaoga, akavaa. Nilikuwa kitandani nimejifunika, naona kwa tundu la blanketi. Akafunga suruali, akatazama chini. Vifundo vyake vya miguu vilikuwa nje. Akavaa koti, mgongo ukaning'inia, mikono ikaishia katikati ya kiganja na kiwiko. Akavuta mikono ya koti ishuke, haikushuka. Hakunigeukia. Kisha akasimama akaenda hivyo hivyo, kwa sababu hakuwa na nguo nyingine, na ameitwa saa tatu.

Alirudi mchana. Mimi sikuwa nimekwenda kazini, nilijifanya naumwa, na kusema kweli nilikuwa naumwa. Akavua suti, akaikunja vizuri kama kawaida yake, lakini hakuitundika. Akaiweka kwenye kitanda changu.

"Imekuwa yako," akasema. "Kaa nayo."

Hakupiga kelele. Angenipiga ningeshukuru. Mwisho wa mwezi akahama chumba.

Na mimi nikakaa nayo. Hapo ndipo ninapojichukia hadi leo, Edwin, si pale kwenye mkasi. Kwenye mkasi nilikuwa mjinga. Lakini baada ya hapo nilipata miaka. Niliivaa suti ile nikaenda kuulizwa kazi kwa mawakili, na wakanichukua, na kazi hiyo ya kupanga majalada ndiyo iliyokusomesha. Niliivaa nikamwoa mama yako. Ile picha ya ukutani, ambayo kila mgeni akiingia husema mzee ulikuwa unajua kuvaa, suti iliyomo ni ya Shadrack. Watu waliniuliza ni nani aliyenishonea, nikawaambia ni mzee mmoja wa Kisikh mjini, alinijaribisha mara tatu. Nilichukua mpaka kicheko chake cha mkono mmoja wa koti, nikakifanya changu. Wewe mwenyewe ulikisikia ukiwa mdogo ukacheka.

Yeye baada ya hapo alijifunza kushona. Siku moja mtu akanisimulia kwamba Shadrack alimwambia anasoma ufundi ili nguo yake isishikwe tena na mkono wa mtu mwingine. Mtu yule hakujua anachoniambia.

Basi ndiyo maana ulipotaja suti ya Kevo nikawaka. Nilikuwa najifokea mimi mbele ya Hetal, na wewe ndiye uliyekuwa umesimama hapo. Jumapili na Jumatatu nililijua hilo na nilikuwa natafuta namna ya kukuomba radhi. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

Jana nikakutana na Kevo pale dukani akinunua maziwa. Akanisalimia kwa heshima kama kawaida yake, akaniambia kwa furaha, "Mzee, nimeitwa interview town, Monday. Edu akimaliza na ile suti ataniletea kabla atoke, si ndio?" Nikamwambia ndiyo, ataleta. Nikajivuna hata. Nikasema moyoni, mwanangu ameazima kwa kuomba, si kama mimi.

Leo asubuhi saa mbili nikachukua suti yako mpya, suruali bado haina pindo, na kwa mara ya kwanza nikavuka barabara. Nilijiambia ninampelekea kwa sababu yeye ndiye fundi bora upande huu wote. Nilitaka pia kusema lile jambo. Shadrack aliinua macho, akanitazama juu ya miwani, akapokea mfuko kama anavyopokea kwa mteja yeyote. Nikamwambia ni ya kijana wangu, anasafiri kesho, nikampa urefu wa mguu wako nilioupima kwenye suruali yako ya zamani. Akageuza koti ndani nje akaangalia mishono, nikaona kidole chake kikipita kwenye kitambaa cha akiba. Akaniuliza bila kuniangalia:

"Nikate ama nikunje?"

Sijui kama aliuliza kwa makusudi. Fundi yeyote huuliza hivyo. Nikasema atakavyoona yeye, nikaondoka karibu nikikimbia, mtu mzima wa umri wangu.

Nilipofika hapa nikaona afadhali nifanye jambo moja lililonyooka, nikafungua begi lako nitoe suti ya Kevo nimpelekee mwenyewe. Ilikuwa chini kabisa, chini ya shuka. Nikaikunjua juu ya kitanda.

Edwin, mimi ni karani, lakini nguo iliyokatwa naijua. Kevo anakuzidi urefu kwa kiganja. Mabega yenu ni mamoja tangu mlipokuwa darasa la nne mkibadilishana sweta, ila miguu yake ni ya twiga. Na suruali ile sasa ni ya urefu wako. Nikageuza pindo nikitumaini, Mungu anajua nilivyotumaini, kwamba nitakuta mkunjo. Hakuna mkunjo. Kuna mshono wa nusu kidole. Mapajani umepunguza pia ikubane kama mnavyopenda siku hizi, na kilichotolewa kimetupwa. Mikono ya koti vile vile.

Sasa nikaelewa kwa nini Jumamosi hukutaka kununua. Ulikuwa umeshaikata. Sasa nikaelewa kwa nini ulinyamaza njia nzima ukaniacha niamini nimekuonea. Mimi niliona nimekufokea bure, kumbe hasira yangu uliistahili kabla sijaitoa. Na ulikuwa unakwenda kupanda basi kesho, umwache Kevo asubiri mlangoni hadi Jumatatu. Hebu niambie, ulipanga kumwandikia nini ukishavuka mpaka? Kwamba imepotea? Kwamba utamtumia nyingine mshahara ukitoka? Na Jumatatu aende na nini?

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, utaona mwenyewe. Nimekukasirikia wewe kwa sababu ulilelewa vizuri kuliko mimi. Nimejikasirikia mimi kwa sababu nilikuficha habari hii ukiwa na umri wa kuifaidi, nikakulea chini ya picha ile. Ungekuwa unaijua, labda mkono wako ungesita pale fundi alipokuuliza. Nina hakika alikuuliza.

Nikarudi kwa Shadrack. Safari hii nilikimbia kweli, mama yako aliniuliza kuna moto wapi. Nilimkuta ameshaweka suruali yako mezani, ameipiga chaki, mkasi uko mkononi. Nikamwambia asikate. Akauweka mkasi chini. Nikamsimulia yote ya Kevo, nimesimama nje ya kibanda na watu wanapita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Ainea, miaka yote unatuma mtoto na sweta. Nikasema siku moja atakuja mwenyewe. Leo umekuja mara mbili, na zote umeleta kesi ya mtoto."

Basi nikamwambia na ya kwangu. Sikuipamba. Nilimwambia nilijua kuhusu Jumatatu yake. Nilimwambia fundi aliniuliza na mimi ndiye niliyesema kata. Nilimwambia niliona vifundo vyake vya miguu kwa tundu la blanketi. Kitu cha ajabu ni kwamba hilo la mwisho ndilo lililomfanya ageuze uso.

Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia amesikia. Akafuta miwani yake, akaniuliza ile suti iko wapi. Nikasema iko kabatini kwenye mfuko. "Ilete," akasema. "Nataka nione yule fundi mjinga aliifungua vipi." Alisema hivyo kwa hasira, na nilifurahi kuiona hasira yake hatimaye, baada ya kuisubiri miaka yote hii.

Sasa sikiliza. Suti mpya iko kwake, haijakatwa. Suruali bado ina urefu wake wote, inamtosha hata Kevo. Mikono ya koti ina kitambaa cha kushusha. Bega, umeshanisikia nikisema, ndilo lisilorekebishika, na bega lenu ni moja. Kevo akiitaka ni yake, na wewe utakwenda Kigali na ile uliyoikata. Shadrack hatagusa mkasi mpaka mwingie kibandani wawili, wewe na Kevo, kabla ya saa kumi na moja. Ukiingia peke yako atakurudishia nguo kama ilivyo, na mimi nimemwambia sawa.

Suti ya Kevo nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chako. Ichukue, uende kwao sasa hivi, umpe mkononi na umwache aikunjue mwenyewe, aone. Usianze na samahani kabla hajaona. Ukae naye hapo hapo wakati anaona. Mimi sikuweza hilo, nilijifunika blanketi, na sijapata usingizi mzuri tangu siku ile. Akikutukana, ni halali yake. Akikupiga, usirudishe. Akikubali kuja nawe kwa fundi, mshukuru njiani, si mbele ya watu.

Mambo mengine ya Kigali utayajua ukifika. Utakosea na utarekebisha, wewe una akili za mama yako. Nitakukumbuka kila siku nikipita kwenye chumba chako, na hilo nalisema nikiwa bado nimekasirika, ujue vinaweza kukaa pamoja.

Picha nimeitoa ukutani. Mama yako akiuliza pengo lile ni la nini, mwambie baba atamweleza mwenyewe leo jioni mbele ya chapati. Mimi ninatoka sasa na ile suti ya zamani mkononi, ninavuka barabara mara ya tatu leo. Utanikuta huko.

Shadrack atashika mguu wa suruali mpya, ataweka chaki, na atauliza nikate ama nikunje. Swali hilo si lako. Nyamaza, Edu, umwache Kevo ajibu.

Ni mimi baba yako, niliyejibu vibaya,
Ainea